Advansi ya fundi: Nani anamkopesha nani?

BIASHARA ya ukarabati wa nyumba jijini Dar es Salaam ina sura moja ambayo wateja wengi huifahamu wakiwa wamekwisha chelewa. Fundi anafika Tabata, anapima kwa hatua, anataja bei na kuchukua nusu ya fedha "ili kazi ianze". Siku tatu za kwanza vumbi linatimka. Wiki ya pili amebaki saidia fundi mmoja, na simu haipokelewi.

Wengi humwita mwizi. Wakati mwingine ndivyo alivyo, lakini mara nyingi tatizo ni la kimahesabu. Fundi wa kawaida hana mtaji wa kuzungusha. Advansi ya Tabata inakwenda kumalizia malumalu za Mbagala, ambako fedha ya mteja ilikwisha liwa kwenye kazi ya Kimara. Mlolongo huo huenda vizuri maadamu mteja mpya yupo. Akikosekana, aliye mwisho wa foleni hubaki na nyumba isiyo na paa. Kwa lugha ya benki, amekopesha bila riba, bila dhamana, na bila kujua.

Ndiyo maana jambo la kuangalia kwanza ni kama fedha ya mwenye nyumba iko mbele ya kazi au nyuma yake. Chukua mfano wa ufundi wa Sh. 4,000,000. Sh. 400,000 zitolewe kuanzia, kwa ajili ya vibarua na zana. Sh. 1,200,000 zifuate linta ikishafungwa, nyingine kama hizo paa likiisha, na Sh. 800,000 baada ya lipu na sakafu. Sh. 400,000 za mwisho zisubiri hadi mvua inyeshe juu ya paa hilo. Fundi akikataa mpango huu si lazima awe tapeli, ila mteja atakuwa amejua mapema anaombwa mkopo wa kiasi gani.

Vifaa ni heri mwenye nyumba anunue mwenyewe na kutunza stakabadhi. Hata hivyo stakabadhi hailindi saruji iliyokwisha fika. Zege la kawaida ni saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, kwa ujazo. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, basi vipimo vifanyike kwa ndoo ile ile, si kwa toroli linalojazwa kwa kukisia. Mifuko mitupu ihesabiwe jioni, ingawa wapo wanaojua kuokota mitupu ya jirani.

Nyumba ya zamani ina mambo yake. Lipu ikibanduliwa, nondo huonekana zimeliwa na kutu kwa sababu aliyejenga alitumia mchanga wa pwani wenye chumvi. Dari ikishushwa, kenchi zina mchwa. Bei ya jumla iliyotajwa kabla ya hapo haina maana. Afadhali lipu na malumalu zipangiwe bei kwa mita ya mraba, na kila nyongeza iandikwe kabla haijafanywa.

Kwa kazi kubwa kuna Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo wamepangwa kuanzia Daraja la Kwanza hadi la Saba, na jina linaweza kuhakikiwa kwenye daftari la bodi. Fundi umeme aonyeshe leseni ya EWURA. Kwa fundi wa mtaani, mteja aende kuona nyumba aliyoimaliza misimu miwili ya mvua iliyopita, siyo ya mwezi jana, na amuulize mwenyewe: shilingi ya mwisho ilipotoka, kazi gani ilikuwa bado?

Makubaliano ya mdomo yanatambuliwa na sheria, lakini ni magumu kuyathibitisha. Ukurasa mmoja wenye hatua, bei na tarehe, uliosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, hauna gharama kubwa. Humlinda fundi pia, kwani wapo wenye nyumba wanaohamia chumba kipya kisha wanaanza kukwepa kulipa. Ukurasa huo useme kwamba malipo ya hatua yakichelewa, siku za kuchelewa hazihesabiwi kwa fundi.