Je, Wajua? Chambo Hai cha Sangara

Je, wajua ya kuwa msafiri apandaye gari la moshi katika kituo cha Goweko, kwenye reli iliyofuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya kale, akishafika Tabora huwa na njia mbili mbele yake, na kila moja humfikisha kwenye ziwa lenye samaki mlafi wa jamaa moja?

Magharibi, mwisho wa reli iliyotimia Kigoma mwaka 1914, Ziwa Tanganyika lina aina 4 za jamaa ya sangara, mgebuka akiwa miongoni mwao, ambazo asili yake ni ziwa hilo peke yake. Na kaskazini, mwisho wa reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, Ziwa Victoria lina sangara aliyepandikizwa na wanadamu katika miaka ya 1950, ambaye uzito wake waweza kuzidi kilo 100.

Sangara huyo, kwa kuwa hupenda zaidi windo litembealo, wavuvi humtega kwa ndoana zenye vitoto hai vya kambare. Na hikima yake ni kwamba kambare, aliyejaaliwa kuvuta hata hewa ya nchi kavu, hustahimili jeraha la ndoana na kuendelea kutapatapa muda mrefu kuliko samaki wengi.