Bomba la Tokeni

Programu kubwa ya kompyuta huandikwa katika maelfu ya faili za maandishi, ziitwazo msimbo chanzo, ambazo kompyuta haiwezi kuziendesha mpaka kila moja itafsiriwe na programu maalumu iitwayo kompaila, kisha matokeo ya tafsiri zote yaunganishwe kuwa kitu kimoja. Shughuli hiyo nzima huitwa ujenzi wa programu, na msimamizi wake ni mfumo wa ujenzi, ambao hujua faili ipi inategemea ipi na ipi imebadilika tangu ujenzi uliopita, ili kazi isirudiwe bila sababu. Mfumo uliofungua njia ni make, ulioandikwa na Stuart Feldman mwaka 1976 katika maabara za Bell nchini Marekani, na aina yake inayotumika zaidi leo kwenye kompyuta za Linux ni GNU make.

Kwa kuwa tafsiri ya faili moja kwa kawaida haihitaji kungoja tafsiri ya nyingine, kompyuta yenye viini vinane vya kuchakata inaweza kutafsiri faili nane kwa wakati mmoja, na ndiyo maana make hupewa amri ya -j pamoja na tarakimu, kwa mfano -j8, inayoeleza kazi zisizidi ngapi kwa mara moja. Mtu akiandika -j bila tarakimu, make huanzisha kila kazi iliyo tayari bila kikomo chochote, na katika mradi mkubwa hilo huweza kuilemea kompyuta hadi ishindwe hata kusogeza mshale wa kipanya.

Ugumu huanza pale mradi unapogawanywa katika folda nyingi, kila folda ikiwa na maelekezo yake ya ujenzi, na make ya juu ikaziita make nyingine ndogo kuzishughulikia. Mtindo huu, ambao mtengeneza programu Peter Miller aliukosoa vikali katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1998, umeenea mno hata leo. Iwapo make ya juu imeruhusiwa kazi nane, na kila moja ya make ndogo nane nayo ikajiona imeruhusiwa kazi nane, mashine yenye viini vinane hujikuta na kazi 64 zinazogombea nafasi. Iwapo kila make ndogo itafungwa kwa kazi moja tu, basi folda ndogo zitakapomalizika na kubaki ile kubwa peke yake, viini saba vitakaa bure huku kimoja kikihangaika na mamia ya faili. Kikomo kilichowekwa kwa kila mshiriki peke yake hakiwezi kuwa sahihi, kwa sababu hakuna mshiriki anayeona wenzake wanafanya nini. Kikomo kinachofaa ni kimoja kwa ujenzi mzima.

Suluhisho liliingia katika toleo la 3.78 la GNU make mwaka 1999, nalo ni la kustaajabisha kwa wepesi wake. Make ya juu hufungua bomba, yaani njia ya mfumo endeshi ambayo mchakato mmoja huandikia data upande mmoja na mwingine kuisoma upande wa pili, kisha humimina ndani yake tokeni, ambazo ni herufi moja moja zisizo na maana yoyote zaidi ya kuhesabika. Kila make inayotaka kuanzisha kazi ya ziada husoma herufi moja kutoka katika bomba. Ikiipata inaendelea, na bomba likiwa tupu inangoja. Kazi inapokwisha, herufi ileile hurudishwa. Ni kama kata chache zilizowekwa penye mtungi wa maji: anywaye huishika, na akimaliza huiacha kwa ajili ya mwingine, bila kuhitajika mtu wa kusimama pale kupanga foleni. Hakuna mchakato maalumu unaotawala ugawaji huo, kwani mfumo endeshi wenyewe huhakikisha kwamba herufi moja haisomwi na wawili. Bomba lina faida nyingine pia: michakato yote inayolishika ikifungwa, lenyewe hutoweka, tofauti na baadhi ya njia nyingine za kuhesabu zinazoacha mabaki baada ya programu kufa.

Jambo lililofikiriwa kwa makini zaidi katika ubunifu huu halionekani kwa haraka. Kwa amri ya -j8, tokeni zinazowekwa katika bomba si nane bali saba, kwa sababu kila make huhesabiwa kuwa tayari ina tokeni moja isiyoonekana. Sababu ni kwamba make ndogo yenyewe ni kazi iliyoanzishwa na make ya juu, kwa hiyo nafasi yake imekwisha kuhesabiwa, ilhali yenyewe haifanyi kazi nzito bali husimamia tu. Nafasi hiyo hurithiwa na kazi yake ya kwanza. Kama isingekuwa hivyo, make ndogo nane zingeweza kuchukua tokeni zote nane kwa ajili ya kuwapo kwake tu, kisha kila moja ikasubiri tokeni ya tisa ili ianze kazi halisi, na kwa kuwa hakuna ya kurudisha kitu kabla ya kufanya kazi, zote zingesubiriana milele. Tokeni isiyoonekana huhakikisha kwamba kila mshiriki, hata bomba likiwa tupu kabisa, ana kazi moja anayoweza kuisukuma mbele.

Mpango huu hutegemea uaminifu, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Programu iliyochukua tokeni ikauawa ghafla na mfumo endeshi haipati nafasi ya kuirudisha, na tangu hapo ujenzi huendelea ukiwa na nafasi moja pungufu, kimyakimya, bila mtu kujua kwa nini umepungua kasi. GNU make hujaribu kulidhibiti hilo kwa kuzihesabu tokeni mwishoni na kutoa onyo hesabu isipolingana, lakini onyo hilo huja baada ya muda kupotea.

Bomba hili limewahi hata kubadilisha keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kwa miaka mingi, tokeni moja iliporudishwa, keneli iliiamsha michakato yote iliyokuwa ikingoja. Mmoja ukaipata, na mingine yote ikarudi kulala baada ya kupoteza nguvu za mashine bure. Katika toleo la 5.6 la mwaka 2020, Linus Torvalds, mwanzilishi wa keneli hiyo, alifanya usomaji wa bomba uamshe msubiri mmoja tu, akaitaja waziwazi GNU make kuwa ndiyo mfano wa bomba linalotumika kuhesabu badala ya kusafirisha data. Badiliko hilo lilifichua zaidi dosari ya zamani iliyokuwamo katika toleo la make lililokuwa limeenea, ingawa wasanifu wa make walikuwa wamekwisha kuirekebisha.

Tatizo jingine lilikuwa la urithi. Bomba la awali halikuwa na jina. Make ndogo ililirithi kutoka kwa make ya juu na kulifahamu kwa namba tu, na programu yoyote ya katikati iliyofunga njia isizozitambua ilikata urithi huo, make ndogo ikatoa onyo na kurudi kwenye kazi moja moja. Toleo la 4.4 la mwaka 2022 lilileta bomba lenye jina, linaloonekana kama faili, ambalo programu yoyote iliyopewa anwani yake huweza kulifungua yenyewe. Kwa njia hizi mpango umevuka mipaka ya make: Cargo, ambayo hujenga programu za lugha ya Rust, huchukua tokeni zilezile, na kompaila ya GCC huweza kuzitumia katika hatua ya mwisho ya kuunganisha. Ninja, mfumo wa ujenzi ulioandikwa na Evan Martin kwa ajili ya kivinjari cha Chrome, ulikaa nje ya makubaliano haya kwa miaka mingi, mpaka toleo la 1.13 la mwaka 2025.

Hata hivyo tokeni huhesabu kazi, haipimi uzito wake. Kutafsiri faili ndogo na kuunganisha programu nzima yenye ukubwa wa LLVM, mradi mkubwa wa zana za kutengenezea kompaila, hugharimu tokeni moja moja, ingawa kazi ya pili huweza kumeza gigabaiti kadhaa za kumbukumbu, na nane za namna hiyo zikikutana hujaza kumbukumbu yote mpaka keneli ianze kuua michakato ili kuinusuru mashine. Ndiyo sababu mradi wa LLVM una kipimo cha pembeni cha kupunguza kazi za kuunganisha peke yake, kinachowekwa kwa mkono na yule anayejua mashine yake ina kumbukumbu kiasi gani.