Je, Wajua? Mtihani wa Bunduki Usio na Mlio

Nchini Kanada, anayetaka bunduki ya kuwindia kulungu au bata hawezi tu kuingia dukani na fedha zake akatoka na silaha. Sharti kwanza apite darasani, afanye mtihani wa maandishi, kisha asimame mbele ya mtahini aishike bunduki na kuonyesha kwamba anaweza kukaa nayo bila kumdhuru mtu. Mtihani huo wa pili ndio unaowatoa watu jasho. Haya ni baadhi ya mambo ambayo mtahiniwa hukutana nayo anapojiandaa.

Hakuna anayepiga shabaha

Je, wajua kwamba katika mtihani huo wa vitendo haifyatuliwi risasi hata moja? Hufanyika ndani ya chumba cha kawaida chenye meza na viti, kwa bunduki zilizoondolewa uwezo wa kufyatua na risasi bandia zisizo na baruti. Mwindaji hodari anayeangusha bata angani anaweza kufeli, na mtu ambaye hajawahi kusikia mlio wa bunduki akafaulu. Kinachopimwa ni mazoea ya mikono: mdomo wa mtutu umeelekea wapi, kidole kimekaa wapi, na macho yamekagua nini kabla ya mikono kufanya chochote.

Themanini hapa, themanini pale

Mtihani wa maandishi una maswali 50, na wa kufaulu ni aliyepata asilimia 80. Kwa maneno mengine, makosa kumi yanavumilika, la kumi na moja linakurudisha nyumbani. Wa vitendo nao unadai asilimia 80 hiyo hiyo, na alama za mmoja haziokoi mwingine. Kitabu cha mafunzo hutolewa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, hivyo Mkongomani aliyehamia Montréal anaweza kusoma kwa lugha aliyosomea shuleni.

Hadi mwaka 2015 mtu aliyejiamini aliweza kuruka darasa na kwenda moja kwa moja kwenye mtihani. Sheria iliyopitishwa mwaka huo ilifunga mlango huo: siku hizi asiyehudhuria mafunzo hafanyi mtihani.

Herufi nne, halafu tano

Wakufunzi wa Kanada hufundisha kwa herufi za kukumbukia. Za kwanza, zitokanazo na maneno ya Kiingereza, ni ACTS: chukulia kwamba kila bunduki ina risasi, dhibiti mwelekeo wa mtutu wakati wote, weka kidole mbali na kifyatulio na nje ya kikingio chake, hakikisha bunduki haina risasi. Kanuni hii ya nne ina hatua zake tano, PROVE: elekeza mtutu upande ulio salama zaidi; toa risasi zote; tazama ndani ya chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa; kagua njia inayopitisha risasi kwenda chemba; chungulia tundu la mtutu kama liko wazi.

Wakufunzi wengi huwashauri watahiniwa waseme kila hatua kwa sauti wanapoitekeleza. Mdomo ukitangulia, mkono hauruki hatua, na mtahini naye hana haja ya kubahatisha kama jicho lako kweli limefika ndani ya chemba.

Ukikosea mpangilio, umeipakia upya

Hili ndilo kosa linaloua hata watu wazoefu. Chukua bastola au bunduki yenye magazini inayochomolewa, nayo ina risasi moja chembani na nyingine kwenye magazini. Ukianza kwa kuvuta kitasa nyuma, risasi ya chembani itaruka nje na kuanguka mezani, nawe utaiona na kuridhika. Lakini ukikiachia kitasa kirudi mbele, kitasukuma risasi nyingine kutoka kwenye magazini hadi chembani. Sasa ukichomoa magazini unashika bunduki inayoonekana tupu, kumbe imekokiwa na ina risasi tayari.

Mpangilio sahihi ni kuchomoa magazini kwanza, ndipo uvute kitasa, halafu utazame. Na hata baada ya hapo risasi moja inaweza kuwa imenasa njiani, hasa kwenye bunduki zinazobeba risasi ndani ya bomba chini ya mtutu. Ndiyo maana hatua ya nne inadai ukague njia yenyewe, usihesabu tu zilizotoka.

Kidole hakimsikilizi mwenyewe

Mtu atasema, "Siwezi kubonyeza kifyatulio bila kukusudia." Misuli yake inasema vingine. Kuna hali tatu zinazojulikana ambamo mkono hujikunja bila ruhusa: unaposhtuka, unapoteleza na kutafuta pa kujishikilia, na mkono mmoja unapokaza kitu kwa nguvu huku mwingine ukiuiga. Mwindaji anayekanyaga barafu na kushika tawi kwa mkono wa kushoto anaweza kujikuta amekunja na vidole vya mkono wa kulia.

Kwa sababu hiyo mtahini haangalii tu kama kidole kimegusa kifyatulio. Anataka akione kimenyooka ubavuni mwa bunduki, nje kabisa ya kikingio, tangu unapoinyanyua mezani hadi unapoirudisha.

Namba ikipanda, tundu linapungua

Bunduki za marisau huitwa kwa namba: 12, 20 na kadhalika. Ajabu ni kwamba namba 12 ina mtutu mpana kuliko namba 20. Siri iko kwenye kipimo cha zamani. Walichukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 454 hivi, wakaigawa katika vigololi vilivyolingana. Mtutu unaoingiza kigololi kimoja kati ya 12 ukaitwa namba 12. Unaoingiza kimoja kati ya 20 ukaitwa namba 20. Vigololi vikiwa vingi zaidi, kila kimoja kinakuwa kidogo. Leo namba 12 ina tundu la milimita 18.5 hivi, na namba 20 ina milimita 15.6.

Ile inayoitwa .410 haifuati hesabu hiyo. Hiyo ni sehemu ya inchi, sawa na milimita 10.4. Maswali ya namna hii hupendwa sana kwenye karatasi ya mtihani.

Kwa nini ganda la namba 20 ni la njano

Ganda la namba 20 likiwekwa kimakosa kwenye bunduki ya namba 12, huteleza, likapita chemba na kukwama mbele ndani ya mtutu. Mwenye bunduki akitazama chemba anaiona tupu. Akidhani amesahau kupakia, anaweka ganda la namba 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu unapasuka sentimita chache tu kutoka mkono unaoushikilia.

Watengenezaji walitafuta dawa nyepesi: maganda ya namba 20 hutengenezwa ya rangi ya njano, ili yakichanganyika mfukoni jicho liyatambue upesi. Katika mtihani wa vitendo, mtahiniwa huwekewa mezani risasi bandia za aina mbalimbali, naye achague inayolingana na bunduki aliyopewa. Kinachotakiwa ni kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, kusoma yale yaliyogongwa kwenye kitako cha risasi, na kuyalinganisha. Rangi inasaidia tu. Uamuzi hutoka kwenye maandishi.

Risasi yenye ncha kali inaweza kuifyatua mwenzake

Kuna bunduki za kizamani ambazo bado zinapendwa, zile za kukoki kwa wenzo ulio chini ya kitako, kama zilivyo kwenye sinema za kale za Marekani. Nyingi hubeba risasi zikiwa zimepangana ndani ya bomba, ncha ya moja ikigusa kitako cha iliyo mbele yake. Katikati ya kitako hicho ndipo ilipo fataki inayowasha baruti. Ukipakia risasi za ncha kali, mshindo wa mlio mmoja unaweza kuigonga ncha kwenye fataki, zikalipukia ndani ya bomba. Ndiyo sababu risasi za bunduki hizo huwa na pua bapa au ya mviringo.

Risasi isipolia, subiri sekunde 60

Umebonyeza kifyatulio, kimya. Hamu ya kwanza ni kufungua chemba uone kuna nini, na hilo ndilo hasa linalokatazwa. Fataki inaweza kuwa imeshika moto polepole, na baruti ikalipuka kwa kuchelewa. Mafunzo ya Kanada yanaelekeza mtutu ubaki umeelekea upande salama kwa sekunde 60 ndipo chemba ifunguliwe.

Kuna na hatari ya kinyume chake: mlio hafifu usio wa kawaida. Huenda nguvu haikutosha kuitoa risasi, ikabaki mtutuni. Ukifyatua nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka. Theluji na tope vinaweza kuleta balaa hilo hilo, na mwindaji aliyeanguka kwenye theluji hufundishwa asiendelee na safari kabla ya kuondoa risasi na kukagua tundu.

Kuna mtihani wa kuvuka uzio

Mtahiniwa huombwa pia aonyeshe namna ya kubeba bunduki akitembea na wenzake na namna ya kuvuka kizuizi. Kanuni ni fupi: ondoa risasi zote kwanza, hakikisha, pitisha bunduki upande wa pili mtutu ukiwa haukuelekei wewe wala mwenzako, ndipo uvuke. Mkiwa wawili, mmoja anashika bunduki huku mwingine akipanda. Kuburuta bunduki kwa kuivuta mdomo wa mtutu baada ya kuvuka ni kosa la kizamani ambalo limeua wawindaji wengi. Sehemu hii unaweza kuifanyia mazoezi nyumbani kwa fimbo na kiti.

Risasi ndogo, safari ndefu

Risasi ya .22, ambayo vijana wengi huanzia kujifunzia, haizidi sana punje ya haragwe. Hata hivyo inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Kwa hiyo swali la mtihani halikomei kwenye mnyama unayemlenga. Linauliza kuna nini nyuma yake. Mnyama aliyesimama juu ya kilima, nyuma yake mbingu tupu, hapigwi, kwa sababu mpigaji hajui risasi itatua kwenye zizi la nani.

Sheria iliyozaliwa na msiba

Tarehe 6 Desemba 1989, mtu mwenye bunduki aliingia katika chuo cha uhandisi cha École Polytechnique jijini Montréal akawaua wanawake 14. Kilio cha familia na wanafunzi kilizaa sheria ya mwaka 1991, iliyotaka waombaji wapate mafunzo ya usalama na wasubiri siku 28. Sheria kubwa zaidi ilifuata mwaka 1995, na ndiyo msingi wa leseni ya leo.

Siku hizo 28 bado zipo: asiye na leseni hai hawezi kupewa mpya kabla hazijapita, hata awe amepata alama zote. Fomu ya kuomba leseni nayo inauliza juu ya mke, mume au mwenza wa sasa, na hata mliyeachana naye katika miaka miwili iliyopita. Huyo hutia saini, na asipotia, mamlaka humjulisha kwamba ombi limeletwa. Kwa bastola mambo ni magumu zaidi: tangu tarehe 21 Oktoba 2022, ununuzi na uuzaji wake kwa watu binafsi umesimamishwa, isipokuwa kwa wachache walioruhusiwa.

Mtoto wa miaka 12 anaweza kuwa na leseni

Kijana wa miaka 12 hadi 17 anaweza kupata leseni ya watoto. Haimpi umiliki, inamruhusu kuazima bunduki ya kawaida kwa uwindaji au mashindano. Hata aliye chini ya miaka 12 anaweza kufikiriwa, endapo familia yake inategemea uwindaji au utegaji kwa riziki, kama ilivyo kwa jamii nyingi za wenyeji wa kaskazini.

Kila nchi na mlango wake

Uingereza, inayosifika kwa ukali wa sheria za silaha, haina mtihani wa lazima wa kushika bunduki. Polisi huja nyumbani, huzungumza na mwombaji, hukagua kabati la chuma na kutaka taarifa za daktari. Japani wamechukua njia nyingine: kuna darasa, mtihani wa maandishi, cheti cha daktari na uchunguzi wa polisi, kisha mwombaji huingia uwanjani kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani. Huko ndiko shabaha inakotiwa alama. Leseni yake hudumu miaka mitatu, ya Kanada mitano.

Unakaguliwa kila siku

Kadi ya leseni ya Kanada ikishatoka, jina la mwenyewe halifungiwi kabatini. Mfumo wa polisi wa shirikisho hulilinganisha kila siku na taarifa za matukio nchini kote. Akitajwa kwenye ugomvi wa nyumbani au vitisho, afisa wa silaha wa jimbo lake hupata habari na anaweza kuipitia upya leseni hiyo, hata kuifuta. Mtihani wa mikono humalizika kwa siku moja. Ule wa mwenendo hauna tarehe ya mwisho.