Dawa za sonona: zinafanya kazi au hazifanyi?

Hosteli kuna kauli mbili kuhusu dawa za sonona. Ya kwanza: "Zile zinakuzubaisha tu, jikaze." Ya pili: "Meza, utakuwa sawa." Zote husemwa kwa uhakika, lakini ukiuliza hesabu, kimya.

Hesabu ipo. Watafiti huyakusanya majaribio mengi na kuyajumlisha. Katika majaribio mengi wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja linapewa dawa, jingine kidonge kinachofanana nayo ila hakina dawa ndani. Kwa nini kidonge bandia? Kwa sababu sonona inaweza kupungua yenyewe, na matumaini ya kutibiwa nayo yanasaidia. Kwa hiyo swali si kama waliomeza dawa walipata nafuu. Swali ni je, waliwazidi wenzao kwa kiasi gani?

Sasa, jibu hutegemea umejumlisha nini. Mwaka 2008 Erick Turner na wenzake walipitia majaribio 74 ya dawa 12 yaliyosajiliwa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani. Ukisoma majarida, asilimia 94 ya majaribio yaliyochapishwa yalionekana kufaulu. Ukifungua mafaili ya FDA, yaliyofaulu ni asilimia 51. Majaribio 22 yenye matokeo mabaya au ya mashaka hayakuchapishwa, na mengine 11 yalichapishwa kana kwamba yamefaulu. Ni kama mwanafunzi anayepeleka nyumbani matokeo ya kozi alizofaulu tu. Kila namba ni ya kweli, lakini GPA anayoipata mzazi siyo.

Mwaka huohuo Irving Kirsch na wenzake walijumlisha majaribio 35 yaliyopelekwa FDA. Dawa ilikizidi kidonge bandia kwa alama zisizofika 2, kwenye kipimo chenye alama 52. Pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa wagonjwa wenye hali mbaya sana. Magazeti yakaandika kwamba dawa hazifanyi kazi.

Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake wakajumlisha majaribio 522 yenye washiriki 116,477, na safari hii walitafuta hata yasiyochapishwa. Dawa zote 21 zilikishinda kidonge bandia. Hata hivyo, kwa wastani ushindi ulikuwa wa kiasi tu, majaribio mengi yalipima wiki 8 hivi, na asilimia 78 yalifadhiliwa na kampuni za dawa.

Kwa hiyo dawa hizi zinafanya kazi, ila si kwa kiwango ambacho majarida ya zamani yalituaminisha. Na sisi tunaosomea ualimu tunajua: wastani wa darasa haukuambii aliyekaa dawati la nyuma kapata ngapi. Anayejua hali yako ni wewe na daktari wako. Muulize sonona yako ni kali kiasi gani, nafuu itegemewe baada ya wiki ngapi, na isipokuja mtafanya nini.

Anayezitumia tayari asiziache ghafla kwa sababu ya kichwa cha habari. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi, na hata ugonjwa wenyewe kurudi. Mwenzako akikuambia kaandikiwa dawa, usimbishie kwa asilimia. Muulize anaendeleaje, na siku ya kurudi kliniki msindikize.