Motokari yenye resori fupi: ununue amortisa gani?

Mvua ikinyesha milimani juu ya Uvira, mito Mulongwe na Kalimabenge inashusha mawe na mchanga. Shofa wa motokari iliyoshushwa ndiye wa kwanza kuumia. Kila shimo, inagonga. Anaenda garaji, anaambiwa amortisa zimekufa, ananunua mbili mpya. Baada ya muda kidogo mafuta yanavuja tena, na anaanza kulaumu duka. Lakini mara nyingi tatizo ni resori.

Motokari nyingi tunazotumia ni za okazyo kutoka Japani, zilizopitia bandari ya Dar es Salaam. Kuna zile ambazo mwenyeji wa kwanza aliziwekea resori fupi, juu barabara za kule ni laini. Zingine zinakatwa resori hapa hapa kwetu, ili zionekane za kisasa. Anayeinunua kisha hajui kitu.

Resori ndiyo inabeba uzito. Amortisa kazi yake ni kuituliza isirukeruke. Mbele ya motokari ndogo nyingi vyote viwili vimefungwa pamoja, resori ikizunguka amortisa, mtindo uliobuniwa na Mmarekani Earle MacPherson miaka ya 1940. Kwa hiyo resori ikishusha motokari kwa sentimita 4, fimbo ya amortisa nayo inakaa imeingia ndani karibu sentimita 4, hata kama motokari imesimama tu. Kwenye shimo haina tena pa kwenda: inagonga gumi ya kuzuia, gumi inachakaa, kisha chuma kinagonga chuma. Tena resori fupi kwa kawaida ni ngumu kuliko ya kiwandani, na amortisa ya kawaida inashindwa kuirudisha polepole. Gurudumu linaruka, na gurudumu linaloruka halishiki barabara wakati wa kufunga breki. Kwa teksi inayotoka Makobola imejaa watu, hapo si mambo ya urembo tena.

Kabla ya kutoa pesa, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, kisha pima motokari nyingine ya aina ileile ambayo haijaguswa. Tofauti ikiwa sentimita 2 ao 3, amortisa mpya ya kawaida, ya gesi, inaweza kuvumilia, ijapokuwa haitadumu sana. Ikizidi hapo, inahitajika amortisa fupi iliyotengenezwa kwa resori za namna hiyo, na hiyo ni ya kuagiza mbali. Resori iliyokatwa, yenyewe haina amortisa inayoifaa. Inua motokari na jeki mpaka gurudumu lining'inie: kama resori inazunguka kwa mkono, siku moja inaweza kutoka kwenye kiti chake njiani. Itupwe.

Kwa mtu anayepita RN5 kila siku, kwenda Kamanyola ao Baraka, hesabu nzuri ni kurudisha resori za kiwandani, hata za okazyo kama hazijavunjika wala kuliwa na kutu, na kuziwekea amortisa mpya za kawaida. Amortisa za okazyo ni bahati nasibu: duka likizipangusa mafuta, utajuaje?

Dukani usitaje jina la motokari peke yake. Beba namba ya aina iliyoandikwa kwenye kibati chake. Pise za kutoka Tanzania utasikia zikiitwa shokapu na springi, ni vitu vilevile. Nunua mbili pamoja, kushoto na kuume. Kushoto ni kwa mtu aliyekaa akitazama mbele, hata kama usukani uko kuume. Wengi wanakosea hapo.

Wakati wa kufunga, mekanisye abane resori kwa chombo chake, hapana kamba wala waya: ikifyatuka inaweza kuua. Kisha mpeleke motokari kwenye paralelisme, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja.