Sakafu ya mfano wa mbao: pima unyevu kabla hujanunua

Ujumbe wa ujenzi unaoingia kwenye simu ya studio umebadilika. Zamani mlikuwa mnauliza bei ya bati na saruji. Siku hizi, kutoka Buigiri, Mvumi, Manchali hadi Chamwino Ikulu, swali linalorudi ni hili: ile sakafu inayofanana na mbao, ambayo mtu ameiona kwa ndugu yake Dodoma mjini, inafaa huku kwetu?

Inafaa, ila si kila aina, wala si kila nyumba. Na kinachoamua zaidi hakionekani dukani. Kiko chini ya miguu yako tayari.

Si ajabu swali hili limetufikia. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, na mji kuwa jiji mwaka 2018, ujenzi umeongezeka na maduka ya vifaa nayo yameongezeka. Babu zetu kwenye tembe waliweka miti juu, kwenye paa. Chini palikuwa udongo ulioshindiliwa na kusilibwa. Sasa tunataka mbao chini, na mchwa ni wale wale.

Dukani utakuta vitu vinne vinavyoitwa kwa jina moja. Kuna mbao halisi, kama mninga. Mninga haujikunji sana majira yakibadilika, lakini ni ghali, na lazima uwe na risiti na vibali vinavyoonyesha umevunwa kihalali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kuna laminati, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi na kubandikwa picha ya mbao juu. Kuna vipande vya plastiki, PVC. Na kuna marumaru zenye picha ya mbao.

Muuzaji akikuambia "hii haiingii maji", mwombe kipande kilichokatwa, kiloweke kwenye ndoo usiku kucha. Laminati nyingi zitavimba kingo. Plastiki na marumaru havitavimba. Ukitazama ubavu wa kipande pia utajua: laminati ina rangi ya kahawia ndani, kama ubao wa kabati la bei nafuu. Hiyo ni chakula cha mchwa. Kwa nyumba ya chini ardhini huku kwetu, mimi siishauri.

Maji yanayopanda kutoka chini

Hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Jamvi la zege lina vitundu vidogo sana. Maji ya ardhini hupanda kwenye vitundu hivyo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Sakafu ya saruji ikiwa wazi, unyevu huo unatoka hewani kidogo kidogo, wala huoni kitu. Ukiifunika kwa plastiki, umeziba mlango wake wa kutokea. Unyevu unakusanyika chini, gundi inaachia, vipande vinanyanyuka, na chumba kinaanza kunuka ukungu.

Majira yetu yanadanganya. Mvua inanyesha msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Fedha nazo zinakuja wakati wa ukavu: alizeti mwezi wa sita, zabibu mwezi wa nane. Kwa hiyo mtu anatandika Agosti, jamvi likiwa kavu kabisa machoni, kisha Februari sakafu inamgeuka.

Kipimo chake ni cha bei ndogo. Kata nailoni nzito inayoonyesha, nusu mita kwa nusu mita. Ilaze kwenye jamvi tupu, bandika kingo zote kwa selotepu pana pasiwe na upenyo, uache siku moja nzima. Mbili ni bora. Ukiifungua, angalia: kuna matone chini ya nailoni? Saruji imekuwa nyeusi kuliko pembeni? Basi kuna unyevu. Pima katikati ya chumba, karibu na ukuta wa nje, na karibu na bafu kama lipo ndani. Ukipima Agosti na pakawa pakavu, rudia mvua zikikolea. Najua ni vigumu kukaa na fedha miezi sita, lakini kubandua sakafu nzima ni vigumu zaidi. Unga mweupe wa chumvichumvi chini ya ukuta nao ni dalili hiyo hiyo.

Anayejenga sasa ana nafasi nzuri. Kabla ya kumwaga jamvi, udongo upigwe dawa ya mchwa iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya viuatilifu, na apige mtu anayejua vipimo. Dawa ya kuogeshea mifugo isitumike. Juu yake itandazwe nailoni nzito isiyotoboka, kingo zikipandishwa ukutani, ndipo zege imwagwe. Kisha subiri. Hesabu ya kawaida ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo jamvi la sentimita 10 linahitaji kama miezi minne kabla ya kufunikwa.

Kama nyumba ni ya zamani na kipimo kimeonyesha unyevu, anza nje. Maji ya paa yanadondokea wapi? Udongo wa nje uko juu kuliko sakafu ya ndani? Yaelekeze maji mbali na msingi, ushushe udongo huo. Baada ya hapo chagua marumaru. Hushikwa kwa saruji au gundi ya saruji, na hivyo huvumilia unyevu kuliko vile vya kubandika kwa gundi ya kawaida.

Siku ya kutandika

Fundi aje na rula ndefu ya mita mbili. Chini yake pasiwe na bonde linalozidi milimita tatu; likiwepo, lisawazishwe kwanza. Maboksi ya PVC yalale ndani ya chumba siku mbili yazoee joto. Vile vya kufumana, ulimi kwenye mfereji, viachiwe nafasi ya milimita nane hadi kumi kila ukuta, kwa sababu jua la mchana likiingia mlangoni plastiki hutanuka. Asiyeacha nafasi hiyo atapata mgongo katikati ya sebule. Marumaru ndefu zisipishane nusu kwa nusu. Theluthi inatosha, maana nyingi zimepinda kidogo katikati na kingo zitakukwaza.

Mchanga wetu ni msasa. Kwenye boksi la PVC soma unene wa tabaka la juu: milimita 0.2 ni nyembamba kwa sebule ya watoto na wageni, 0.5 ndiyo ya kutafuta.

Hesabu: chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa vipande vitakavyokatwa, unapata 13.2. Kama boksi linafunika mita 2, nunua saba, yote yenye namba moja ya toleo ili rangi zisitofautiane. Vinavyobaki viweke chini ya kitanda, vikiwa vimelala. Miaka mitatu baadaye kipande kikivunjika, rangi ile dukani huenda isiwepo tena.