Kinachopoza Matumbawe ya Misali

Kaskazi ikichoka na kusi haijashika, ndipo huja maleleji: bahari shwari, jua kali, upepo hakuna. Kwa matumbawe ya Misali, magharibi mwa Pemba, huo ndio msimu wa hatari.

Wengi hulidhania tumbawe kuwa jiwe, kumbe ni kundi la wanyama wadogo. Ndani ya miili yao huishi viumbe vya mwani visivyoonekana kwa macho, vinavyotumia jua kutengeneza chakula na kuwagawia wenyeji wao. Joto la maji likizidi kwa nyuzi 1 tu lile lililozoeleka katika mwezi wa joto zaidi, na likadumu kwa wiki kadhaa, wanyama hao huvitema. Tumbawe hupauka, na wakikosa chakula muda mrefu hufa. Mwaka 1998 El Niño ilipopasha Bahari ya Hindi, matumbawe ya Misali yalikufa kwa wingi.

Upepo ndio mpozaji wa kwanza. Wafugaji wa samaki wa bahari majumbani huelekeza feni juu ya tangi, na hesabu yake inashangaza: lita 100 za maji hupoa kwa nyuzi 1 zikipoteza kwa mvuke chini ya robo lita. Kusi hufanya kazi hiyohiyo juu ya bahari nzima, tena huchanganya maji ya juu na ya chini.

Halafu kuna kina. Unguja imekaa kwenye maji mafupi ya mwambao, lakini kati ya Pemba na bara pana mkondo wenye kina cha mita 800 hivi, na maji ya chini, yaliyo baridi, huyapoza yale ya juu. Mwaka 2020, utafiti ulioongozwa na mwanasayansi Tim McClanahan ulilitaja eneo la kutoka Shimoni, pwani ya Kenya, hadi Dar es Salaam kuwa kimbilio la matumbawe dhidi ya joto. Hiyo ni hazina kubwa.

Ubaridi huo haufiki kila mahali. Kwenye maji mafupi wanakolima mwani, jua la mchana maji yakiwa yamekupwa huunguza kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri. Spinosi, aina nyingine, huvumilia zaidi, ila bei yake ni ndogo.

Joto la dunia halizuiliki kutokea Pemba, iwe Wete au Chake Chake. Kuvunja matumbawe kunazuilika: wavuvi na waongoza watalii wafunge vyombo kwenye maboya, wasitupe nanga juu ya miamba hai.